Ukingo wa Jicho la Kushoto

Mwanga aliobaki nao Giacinto Palmisano ulikuwa mdogo, na wote ulikaa katika jicho la kushoto. Haukuwa mwanga wa kusomea wala wa kutambua uso wa mtu. Ulimwambia tu kwamba mlango uko wazi, kwamba pana mtu amesimama mbele yake, kwamba jua limeshavuka paa la kanisa na sasa linashukia upande wa mizeituni. Kwa mwanga huo alishuka ngazi za mtaa peke yake mpaka uwanjani, akanunua sigara, akarudi. Aliuchunga kama mtu anayechunga njiti ya mwisho ya kiberiti penye upepo. Jicho la kulia lilikuwa limekufa zamani. Ngozi nyeupe yenye vimishipa vyekundu ililitanda lote, na watoto wa mtaani wakikutana naye walipita upande wa pili.

Aliishi katika nyumba aliyozaliwa. Enzi za wazazi ilikuwa nyumba moja. Baadaye ikapitishwa ukuta katikati, huku Giacinto, kule Comasia dada yake, ua ukabaki wa wote wawili. Kila adhuhuri Comasia alivuka ua, akaweka sahani kwenye dirisha la kaka yake, akagonga kioo kwa ukucha, akaondoka. Giacinto alingoja kivuli kitoweke, kisha akafungua dirisha na kula. Jioni aliiosha sahani na kuirudisha palepale. Hakuna aliyesema neno. Ndugu hawa walikuwa hawajasemezana kwa karibu miaka ishirini.

Mtaa ulishazoea. Wazee waliokaa uwanjani kuota jua walilifanya jambo hilo kuwa mchezo wao wa kila siku.

"Fundi Giacinto, leo umekula nini?"

"Maharagwe na mboga chungu."

"Yalikuwa na chumvi?"

"Yalikuwa nayo."

"Basi bado anakupenda. Siku ukikuta ametia sukari, hama mji."

Giacinto alicheka nao, kwa sababu mtu asiyecheka uwanjani huachwa akae peke yake, na kukaa peke yake alikuwa nako kwa kutosha nyumbani.

Walimwita fundi kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Alikuwa fundi chokaa, mtoto wa fundi chokaa. Mji wao uko juu ya kilima na ni mweupe wote, kuta, ngazi, mpaka mabomba ya maji ya mvua, na weupe huo haukuja wenyewe. Kila mwaka, kabla padre hajapita nyumba kwa nyumba kuzibariki kwa ajili ya Pasaka, kila mama alitaka ukuta wake uwe umepakwa upya, na aibu ya kumpokea padre penye ukuta mchafu ilikuwa kubwa kuliko aibu ya kumpokea bila kiti. Mawe ya chokaa yaliyochomwa tanurini yaliletwa yakiwa makavu, mepesi, yenye njaa ya maji. Fundi aliyatumbukiza kwenye shimo la maji, moja baada ya jingine, na maji yakaanza kuchemka bila moto, yakitoa moshi na sauti kama ya kitu kinachokoroma. Ndivyo chokaa ilivyozimwa.

Na kila fundi alijua, kwa kuwa aliambiwa na baba yake aliyeambiwa na babu yake, kwamba chokaa ikimrukia mtu jichoni asiguse maji. Maji ndiyo yanayoiamsha. Ameona mwenyewe shimoni inavyowaka ikikutana nayo, atayapelekaje jichoni? Mtu hutiwa mafuta ya zeituni. Jambo lenyewe lilieleweka kirahisi mno, na hakuna aliyewahi kuliuliza.

Siku ya ajali yake shimo lilikuwa palepale uani kwao. Giacinto aliinama kusukuma jiwe lililokwama pembeni, jiwe likapasuka, na shimo likamtemea usoni. Comasia alikuwa anatoka kisimani na ndoo. Alikuja mbio. Giacinto, mikono imefunika uso, akasikia mlio wa kishikio cha ndoo karibu naye, akapiga kelele:

"Si maji! Unataka kunichemsha? Mafuta! Leta mafuta, mjinga wewe!"

Comasia akaitupa ndoo, akakimbilia ghalani chini kwenye mtungi wa mafuta. Mlango wa ghala ulikuwa umekwama. Alipofika na mafuta, Giacinto alikuwa amelala chini anapiga mateke. Ilibidi wateremke mpaka mji wa pwani kufika hospitali, na huko ndiko macho yake yalikooshwa kwa mara ya kwanza.

Ndugu na majirani walipokwenda kumtazama, kichwa chake kikiwa kimefungwa vitambaa, aliwaambia wote: "Comasia ndiye aliyenipofusha. Alikuja na maji. Akachelewesha mafuta." Comasia alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na chungu cha supu mkononi. Aliweka supu, akatoka, na huo ukawa mwisho wa maongezi yao.

*

Habari ya matibabu aliipata kwa Loredana, mwanamke wa duka la dawa, ambaye hakuwahi kumuuzia mtu dawa bila kumuuzia na maneno.

"Fundi, usiondoke. Kaa hapo. Kuna mtu wa mji wa Monopoli, alimwagikiwa tindikali kiwandani miaka mingi iliyopita. Jicho lilikufa kama lako. Nimemwona juzi anasoma gazeti."

"Kwa jicho gani?"

"Hilohilo."

"Labda gazeti lenyewe ni la wafu."

"Endelea kutania. Kaskazini kuna watu wanaochukua kijipande cha jicho zima, wanakiotesha, wanakipanda kwenye jicho bovu."

"Mimi sina jicho zima, Loredana."

"Waache wakwambie wao. Unaogopa nini, kwamba watakukuta kipofu?"

Loredana akapiga simu huko mwenyewe, akampangia siku. Giacinto alisafiri peke yake. Kituoni walimkabidhi kwa mtu wa reli, naye akamkabidhi kwa mwingine, na mwingine, kila mmoja akimshika kiwiko palepale aliposhikwa na mwenzake, mpaka akajiona kama kifurushi ambacho anuani yake wanaijua wengine. Ndani ya treni mwanamke mmoja alimpa chungwa lililomenywa bila kumwambia kitu. Alishuka kwenye tambarare yenye ukungu. Jicho lake la kushoto, ambalo nyumbani lilimwonyesha jua lilipo, huku halikumwonyesha chochote ila kijivu kilekile pande zote.

Daktari alikuwa mwanamke, dokta Ghirardi, mwenye sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri. Alimtazama kwa chombo muda mrefu, akainua kope ya juu ya jicho la kushoto, akaishusha, akaiinua tena.

"Bwana Palmisano, nikueleze nilichokiona. Mbele ya jicho kuna kioo, tunakiita konea. Ukingoni mwake, pale rangi ya jicho inapokutana na weupe, kunakaa seli shina. Kazi yake ni kuzaa ngozi mpya ya kioo hicho maisha yote. Chokaa ilizichoma. Zikiisha, hakuna wa kuzaa tena, na ngozi ya weupe inaingia na kutanda juu ya kioo. Hiyo ndiyo inayokufunga."

"Kwa hiyo zimeisha."

"Kulia zimeisha zote. Kushoto, chini ya kope ya juu, kimebaki kipande cha ukingo. Kama punje ya ufuta. Nadhani ulifumba macho, kope ikakiokoa."

Giacinto aligusa kope yake kwa ncha ya kidole, kana kwamba ameambiwa kuna mtu amejificha humo.

"Mnataka kukikata hicho."

"Sehemu yake. Tunaipeleka maabara, inalishwa, inazaliana, inakuwa utando mwembamba. Utando huo tunauweka jicho la kulia."

"Kama chachu ya mkate. Unabana kidogo, unailisha unga, inajaa bakuli."

"Kama chachu, ndiyo."

"Na chachu ikifa?"

"Hutokea. Sitakudanganya."

"Na jicho mlilolikata?"

"Mara nyingi linapona. Sikusema mara zote."

Huko nje gari lilipita kwenye maji. Giacinto alifikiria mlango wake ukiwa wazi asijue kwamba uko wazi. Alifikiria jua likivuka paa la kanisa na yeye hana habari.

"Nina swali la kumbukumbu tu," daktari akasema. "Siku ile macho mliyaosha kwa kitu gani, na baada ya muda gani?"

"Mafuta," Giacinto akajibu, na akaketi wima, kwa sababu hapa sasa walikuwa wamefika kwenye jambo analolijua. "Sisi ni watu wa chokaa, daktari. Kulikuwa na mtu alitaka kuleta maji, nikamkataza."

Kalamu ilisimama. Aliisikia iliposimama.

"Nani aliwaambia msitumie maji?"

"Kila mtu. Maji yanaiwasha."

"Shimoni, mawe makavu, ndiyo. Jichoni yanatakiwa maji mengi, papo hapo, bila kuacha, mpaka chokaa yote itoke. Mafuta hayaitoi. Inabaki ndani inaunguza mpaka mtu afike hospitali." Sauti yake ililegea. "Pole. Si wewe tu. Nimewasikia wengi."

"Ndoo moja ingetosha?"

"Ndoo moja ingekuwa mwanzo mzuri sana."

Giacinto alikuwa anausikia mlio wa kishikio cha ndoo, karibu kabisa na sikio lake, kama siku ile.

"Jambo la mwisho," daktari akasema. "Baada ya kupandikiza, siku za kwanza hutafungua macho kabisa. Halafu matone, mara nyingi kwa siku, kwa majuma mengi, yatiwe na mtu mwenye mikono safi na macho mazuri. Tone likikosewa au jicho likisuguliwa, kazi yote imekwenda. Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Hakuna mtu kabisa?"

"Kuna dada. Ng'ambo ya ukuta."

"Basi avuke. Bila mtu nyumbani siwezi kuanza. Nitakuwa nakupotezea hicho kidogo ulichonacho."

*

Alirudi nyumbani, na kwa siku kadhaa aliendelea kula na kurudisha sahani kama kawaida. Mara mbili alisimama karibu na dirisha wakati wa adhuhuri na mara mbili akarudi nyuma. Kila alipojaribu kutunga sentensi ya kuanzia, aliiona ni fupi mno kwa miaka yote ile, au ndefu mno kwa dirisha dogo namna hiyo. Mara ya tatu alifungua dirisha mapema, na kivuli kilipokuja alisema:

"Comasia."

Sahani iligonga jiwe.

"Nani amekufa?" Comasia akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Nilikwenda kaskazini."

"Najua. Mtaa mzima unajua. Loredana ana mdomo kama kengele ya kanisa."

"Daktari amesema yalitakiwa maji."

Akamsikia akivuta pumzi kwa pua, namna alivyokuwa akifanya tangu utotoni kabla ya kusema jambo zito.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya pili. Muuguzi aliniita pembeni akanigombeza mimi, akidhani mafuta ni ujinga wangu. Nikanyamaza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Umefungwa vitambaa kichwa kizima, unalia kama ndama. Nikwambie mdomo wako ndio uliokupofusha? Nikasema nitamwambia akipata nafuu. Kabla hujapata nafuu, ukawatangazia watu kwamba ni mimi. Basi nikasema, na abaki nalo hilo. Labda ndilo linalomshikilia asijitupe kisimani."

Giacinto alishika ukingo wa dirisha. "Comasia, mimi nakuomba..."

"Nyamaza!" Kivuli kilisogea. "Neno hilo usiliseme. Ukiniomba msamaha itanibidi nikusamehe, na mimi nguvu hiyo sina leo na sidhani nitakuwa nayo kesho. Jambo hili nimeishi nalo, limekuwa langu, usije ukaninyang'anya dirishani kwa neno moja. Sema shida yako."

Akamwambia. Matone, mikono safi, majuma mengi.

"Na wakikata hicho kidogo ulichonacho, kikafa?"

"Nitakuwa kipofu kabisa."

"Kwa nini usikae na ulichonacho? Unakwenda uwanjani, unarudi."

Alitafuta jibu la kweli. "Kwa sababu nimechoka kuona vivuli vya watu," akasema. "Kivuli hakikutazami."

Comasia aliisukuma sahani mpaka ikagusa vidole vya Giacinto.

"Nitakuja," akasema hatimaye. "Lakini neno lile siku ukilisema, mimi narudi kwangu, matone utatiwa na padre. Kula, tambi zinapoa."

*

Walikata sehemu ya ile punje ya ufuta wakati milozi inachanua. Alirudi na kitambaa jicho la kushoto, na kwa siku hizo chache hakuwa na mwanga wowote. Kitambaa kilipotolewa, mwanga ulikuwa umepungua. Hakumwambia mtu. Alikaa mlangoni akigeuza uso huku na huku kutafuta jua, na alilipata kwa shavu kabla ya jicho.

Hayo yalikuwa majuma marefu kuliko yote aliyowahi kuishi. Kipande chake kilikuwa hai mahali asipopajua, katika chumba ambacho hajawahi kuingia, kikilishwa na watu ambao hajui wana majina gani. Loredana alimweleza kwamba seli hazijui sikukuu. Kuna mtu huja Jumapili, huja hata siku ya Pasaka, anavaa barakoa na glavu, anazipa chakula, anazitazama kama zimeota, anazima taa na kwenda zake. Giacinto alimfikiria mtu huyo kuliko alivyomfikiria mtu mwingine yeyote duniani. Je, anazisemesha? Pengine ana redio. Ilimshangaza kwamba sehemu yake iliyo bora kabisa, iliyobaki salama kwa sababu tu ilijificha, ilikuwa huko inalelewa na mgeni, na yeye mwenyewe amebaki hapa na maganda. Wakati mwingine aliona wivu. Hakuna aliyekuja kumtazama yeye kila asubuhi kama ameota.

Uwanjani walimtania: "Fundi, jicho lako limeshaanza kutembea? Likifika, liambie lipande na viazi." Alicheka kidogo, na siku nyingine hakwenda.

Simu ilikuja dukani kwa Loredana, naye akapanda ngazi zote mbio akihema. "Zimeota, Fundi! Wanasema ziko tayari, nzuri, zimeshikana. Wanakutaka Jumatatu!"

Safari hii Comasia alikwenda naye. Njiani alizungumza na watu wote ndani ya behewa isipokuwa yeye.

*

Alipopandikizwa alirudishwa nyumbani macho yote yamefungwa, na Comasia akahamia upande wake na godoro, sufuria moja na picha ya mama yao. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuosha sakafu. Cha pili ni kunawa mikono kama daktari alivyomwonyesha, mpaka kwenye viwiko, akihesabu kwa sala.

Siku ya tone la kwanza, Giacinto alirudisha kichwa nyuma mpaka kikagonga ukuta. Hakuna mkono wa mtu wa nyumbani uliokuwa umelikaribia jicho lake tangu siku ile.

"Tulia, wewe si mtoto."

"Mkono wako wa baridi."

"Nimeuosha mara tatu. Unataka niuchome jikoni kwanza?"

"Tia polepole."

"Likidondoka linadondoka, tone halina polepole. Tazama juu. Juu, nimesema! Huko ni pembeni."

Tone lilianguka, baridi, likaenea. Akausikia mkono wa Comasia umekaa kwenye paji la uso wake kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha ukaondoka.

Ikawa hivyo asubuhi, mchana, jioni. Comasia alimwongelesha kuhusu bei ya mafuta, kuhusu nani amemwoa nani, kuhusu jirani aliyeng'oa ngazi za mawe akaweka za saruji. Baada ya hapo aliketi karibu na jiko kwa saa nyingi. Lile neno lilikaa kinywani mwa Giacinto kila kope yake ilipoinuliwa, naye alilimeza kila mara, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Mwanga wa kwanza katika jicho la kulia ulikuwa wa manjano. Alidhani ni homa. Kisha ukapata ukingo, na ukingo ukawa meza. Majuma yakapita, na asubuhi moja aliona juu ya meza kitu cha mviringo na akajua, bila kukigusa, kwamba ni kitunguu, na kwamba kina ganda lililochanika upande mmoja.

Hapo ilimpasa aite. Alifungua kinywa, akageuza uso, akamwona.

Comasia alikuwa ameketi karibu na jiko, mgongo umepinda, nywele zake, ambazo yeye alizijua nyeusi, zimekuwa rangi ya majivu na hazikufungwa. Midomo yake ilikuwa inasema. Haikutoa sauti, ilisema tu, haraka, kwa hasira, na mkono wake mmoja ulikuwa unakata hewa kama anayebishana na mtu. Kisha mkono ukasimama, na uso wote ukakunjamana, ukakaa hivyo, ukafunguka tena. Alijifuta kwa aproni. Kisha kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kugeuka, akasema: "Leo nimesahau kununua mkate."

"Si kitu," Giacinto akajibu.

Na hakumwambia. Alijidanganya kwamba anangoja jicho lipate nguvu. Ukweli ni kwamba aliona ameingia mahali ambapo dada yake alikaa peke yake miaka yote hiyo, na akitamka tu, mlango utafungwa. Kwa hiyo aliendelea kupapasa kikombe ambacho alikiona. Aliendelea kuuliza "nani?" mtu akibisha mlango. Kila siku alimtazama dada yake akibishana kimya na hewa, akicheka peke yake, akikaa na kiganja shavuni akitazama ukuta, na alijua kwamba katika ugomvi ule usio na sauti yeye ndiye anayejibiwa. Alitamani kusikia anachoambiwa. Kila siku alipokuwa akitazama, alikuwa akiiba, na alijua.

Mambo yaliishia kwa dokta Ghirardi. Aliliziba jicho la kushoto kwa kadi, akamwambia asome herufi ukutani. Comasia alikuwa kwenye kiti pembeni, mkoba magotini.

Giacinto alizisoma. Mstari wa juu, wa pili, wa tatu. Wa nne alikosea moja.

"Vizuri mno," daktari akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala. "Utando umeshika, umetulia. Huenda mbele tukahitaji kubadilisha kioo chenyewe, lakini kwa sasa hapana. Umeanza kuona hivi lini?"

"Muda kidogo," Giacinto akasema.

"Siku chache?"

"Majuma."

Alisikia kufuli la mkoba likifungwa.

Nje, kwenye ukumbi mrefu, Comasia alitembea mbele yake. Hakumshika kiwiko. Karibu na mlango akageuka, na Giacinto akamwona uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu apofuke. Macho yake yalikuwa na rangi aliyokuwa ameisahau. Comasia aliinua mtandio, akaufunga kichwani, akauvuta mbele mpaka kwenye nyusi.

"Umeniona nikifanya nini?"

"Nimekuona ukipika."

"Mwongo."

"Nimekuona ukisema."

"Nikisema nini?"

"Sikusikia."

Alitikisa kichwa polepole. "Miaka yote hiyo nilikaa mbele ya watu na uso wa jiwe. Kwako tu ndiko nilikopumzika. Nilisema, huyu angalau haoni." Akasukuma mlango. "Twende, treni haitungoji."

Walikaa wakitazamana, kwa sababu viti vilikuwa hivyo. Matone yalibaki chupa moja, na hilo walilijua wote wawili. Baada ya kituo cha Rimini bahari ilitokea upande wa kushoto, nyembamba, ya kijivu. Comasia alitoa mkate na jibini, akamkatia kipande kikubwa, akamwekea juu ya karatasi mahali ambapo mtu anayeona atakichukua mwenyewe.

"Kesho nahamisha godoro," akasema.

"Haya."

"Mtu mwenye macho anajipikia."

"Haya, Comasia."

Lile neno lilipanda tena. Alilishika. Alitazama mikono ya dada yake ikikunja karatasi ya jibini mara mbili, mara nne, vidole vimevimba viungoni, na akaona kwamba kitu pekee alichokuwa ameombwa katika jambo hili lote ni kunyamaza, na kwamba hata hicho alikitimiza nusu, kwa kinywa tu, si kwa macho.

Comasia aliegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho. Treni ilikimbia kando ya maji. Mtandio ulikuwa umeteleza kidogo, na Giacinto akamtazama: mikunjo miwili kando ya kinywa, kovu dogo kidevuni la siku walipoanguka wote kwenye ngazi za kanisa, kope ambazo hazikutulia. Alitazama kwa jicho lake jipya bila kupepesa, mpaka likaanza kuuma.

"Tazama dirishani, kaka," Comasia akasema, macho yake bado yamefumba.

Hakuwa amemwita hivyo tangu siku ya ndoo. Giacinto aligeuza uso akatazama dirishani. Kulikuwa na maji, na mbali sana chombo kimoja kilichoonekana kimesimama. Alikitazama mpaka kikaachwa nyuma, kisha akatazama mahali kilipokuwa.